Mpishi Aliyechagua Umeme

Aproni zake ndizo zilizonikutanisha naye. Mimi nilikuwa natunza vyumba na kusimamia ufuaji katika hosteli ndogo ya wageni pale Ifakara, hosteli ya masista yenye vyumba kumi na viwili, na yeye alikuwa mpishi. Kila Jumatatu asubuhi aliniletea aproni tatu nyeupe zilizokunjwa kama vitambaa vya altare, akaziweka mezani na kusema, "Binti, wanga usiwe mwingi. Mara ya mwisho zilisimama zenyewe." Jumanne akija kuzichukua alizikagua kwenye mwanga wa dirisha, mshono kwa mshono. Akikuta doa ambalo halikutoka, alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemwaga mchuzi.

Watu wote walimwita Mpishi. Sista msimamizi alimwita hivyo, wageni walimwita hivyo, na hata mke wake akipita getini aliuliza, "Mpishi ameshatoka?" Mimi nilimwita Mzee, kwa sababu ya umri. Nilifanya naye kazi karibu miaka saba, miaka ile ya tisini, na jina lake nililiona mara moja tu kwenye karatasi ya likizo. Halikunikaa kichwani. Lilikuwa kama jina la mtu mwingine.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyo na haraka. Chumvi alikuwa mchoyo nayo na mafuta alikuwa mkarimu nayo. Hakupenda mtu apite jikoni kwake na viatu vilivyotoka nje. Alikuwa mwaminifu hadi kuudhi: kitunguu nusu kilichobaki alikirudisha stoo na kumwita mtunza stoo aje akishuhudie. Wageni wakimsifu hakujibu chochote, alirudi jikoni na kugombana na sufuria. Lakini mgeni akiacha chakula kwenye sahani alikuwa akisimama mlangoni, akiitazama ile sahani inavyorudi, na siku hiyo hazungumzi tena. "Chakula hakiombi msamaha," alikuwa akisema. "Kikiharibika kimeharibika." Na kwangu mimi wa vyumbani alikuwa na msemo wake maalumu: "Mgeni husahau kitanda, binti. Hasahau mchuzi."

Nyumbani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mke wake alipika kwa kuni, mafiga matatu, na hakumruhusu kusogea. "Wewe umezoea kupikia wageni," alimwambia mbele yangu siku moja nilipowatembelea. "Wageni hawarudi kulalamika. Kaa huko." Na yeye alikaa huko, kwenye kigoda chake ukumbini, mikono magotini, akisubiri kupakuliwa kama mtoto. Alipopata sahani alisifu kwa sauti, tonge kwa tonge, mpaka mke wake akaona aibu na kumwambia ale.

Kazini alipikia gesi, na gesi aliijua. Jiko letu lilikuwa la zamani, lenye midomo minne ya moto, mtungi ukiwa nyuma ya mlango. Aliinama mpaka shavu likawa sawa na sufuria, akatazama mwali, akazungusha swichi kidogo tu, kama anayemsogeza mtu aliyelala. "Ukiwa wa bluu unafanya kazi," alinifundisha. "Ukiwa wa njano unapiga soga." Mchele wetu wa Kilombero, ule unaonukia hata ukiwa bado kwenye gunia, aliuweka kwenye mwali mdogo kabisa dakika za mwisho, na hakuna punje iliyoshika chini.

Tatizo la gesi lilikuwa njia. Mitungi ilitoka Dar es Salaam kwa lori, na masika yakiingia lori lilikwama matopeni, tukakaa siku nyingi tukipikia mkaa uani huku Mpishi akinung'unika. Umeme hosteli ilikuwa nao, wa taa na feni. Kulikuwa hata na jiko dogo la umeme, la sahani moja, lililoachwa na mgeni mmoja daktari kama zawadi. Mpishi alilipokea kwa shukrani nyingi, na tangu siku hiyo alilitumia kuzuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo.

"Kwa nini hulitumii, Mzee?" nilimuuliza.

"Moto usiouona ni moto wa kuambiwa," akanijibu. "Mimi sipiki kwa kuambiwa."

Maneno hayo aliyarudia kwa kila aliyeuliza, kwa miaka, na ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliwashangaza watu.

Alikuwa na shamba Kisawasawa, chini ya milima, na kila Jumamosi mchana alikwenda kwa baiskeli. Jumapili moja ya masika, akirudi na mkungu wa ndizi nyuma, gurudumu la mbele liliingia shimoni. Alianguka chali. Kisogo kikapiga jiwe. Alilazwa siku kadhaa, akapumzika nyumbani majuma mawili, akarudi kazini na bandeji kichwani na aproni iliyonyooka. Tulimtania kwamba ndizi zimemshinda nguvu. Alicheka. Tukasahau.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na mimi nilikielewa vibaya. Alianza kuniita jikoni. "Binti, hebu pita hapa unionjee." Au ananiuliza vitunguu vikiwa kwenye mafuta, "Vimefika?" Mimi nanusa, nasema vimefika, anatia nyanya. Nilidhani ananipenda kama mwanawe na anataka nijifunze. Nilijisikia fahari. Nilikuwa naacha mashuka kwenye kamba nikakimbia kila nilipoitwa.

Asubuhi moja, Sista akiwa amesafiri kwenda Mahenge, niliingia kwa mlango wa nyuma kuchukua maji ya moto. Gesi ilinipiga usoni kabla sijavuka kizingiti. Ilikuwa nzito, ya kukaba koo. Na Mpishi alikuwa amesimama katikati ya jikoni, mtulivu, njiti ya kiberiti mkononi, akitafuta upande wa kuiwashia.

"Mzee, gesi!" nilipiga kelele. "Acha! Acha!"

Alinitazama bila kuelewa. Nilimnyang'anya kiberiti, nikafungua madirisha, nikafunga mtungi. Swichi moja ya jiko ilikuwa wazi. Bila shaka upepo ulizima moto alipokuwa stoo. Nilimvuta mkono mpaka nje, tukakaa kwenye ngazi. Yeye alikuwa akizitazama njiti zilizobaki kwenye kisanduku nilichoshika kama mtu anayezihesabu.

"Mzee, ina maana hukuisikia harufu ile?"

Alitikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu zile ndizi."

Ndipo aliponieleza. Ulimi ulikuwa unamwambia chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Kahawa ilikuwa maji ya moto machungu. Vitunguu, iliki, samaki, moshi, vyote vilikuwa vimeondoka siku ile pale barabarani na havikurudi. Alikuwa anapika kwa macho, kwa masikio na kwa kukumbuka.

"Mama nyumbani anajua?"

"Hajui. Chakula chake nakisifu kwa kukumbuka kilivyokuwa."

Nilitaka kulia, lakini hofu ikageuka hasira. Vyumbani kulikuwa na wageni tisa, wawili kati yao watoto. Nikamwambia, "Mzee, Sista akirudi mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Ataniondoa. Mpishi asiyenusa ana kazi gani?"

"Sijui. Lakini mwambie."

"Nipe mpaka arudi."

Juma lile zima niliamka mapema. Nilifika kabla yake, nikanusa jikoni, nikakagua kila swichi, halafu ndipo nikamkabidhi kiberiti. Hatukuzungumza juu yake. Jioni alinipa kiberiti mkononi, nikakichukua; asubuhi nikampa, akakipokea. Mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua alikuwa amenifanya mshirika wa siri, na nilimwona anavyoumia kwa jambo hilo, na bado hakusema.

Sista alirudi na habari njema. Marafiki wa hosteli walikuwa wamekubali kutununulia jiko jipya. Alitukusanya wafanyakazi wote ukumbini baada ya chai. "Nimeletewa swali moja," akasema. "La gesi au la umeme? Nimewajibu kwamba nitamuuliza Mpishi, ingawa jibu lake tunalijua sote."

Watu wakacheka. Mpishi akasimama.

"La umeme, Sista."

Kicheko kikakatika. Mtunza stoo akauliza kama amesikia sawa. Mpishi akaeleza kwa utulivu: mitungi inachelewa, masika ni marefu, jiko la zamani limechoka, dunia inakwenda mbele. Kila alichosema kilikuwa kweli. Sista alifurahi sana, akasema hakutegemea mzee kama yeye kupenda mabadiliko.

Nilimfuata jikoni. "Hukumwambia."

"Nimeiondoa hatari. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka useme kweli."

"Kweli itakuja, binti. Tulete jiko kwanza."

Basi tukatumwa Dar es Salaam kwa treni, yeye kuchagua jiko, mimi kununua mashuka. Begi lake lilikuwa zito na hakuniruhusu kulibeba. Tulipofika dukani Kariakoo nilijua kwa nini. Alitoa sufuria iliyofungwa kwa khanga ya mke wake, na chupa ya maji.

"Nataka kuchemsha," alimwambia muuzaji.

"Mzee, hapa ni dukani, siyo hotelini."

"Ungekuwa unauza baiskeli, ungenikataza nisiipande?"

Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, akacheka, akavuta waya. Majiko yalikuwa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa na sahani nene za chuma, nyeusi, laini, za kupendeza. Mpishi aliweka sufuria, akakunja mikono, akasubiri.

"Limewaka?"

"Limewaka, mzee."

"Mbona halisemi?"

Maji yalichemka hatimaye, vizuri kabisa. Muuzaji akazima, akaondoa sufuria, akasifu jinsi chuma kile kinavyotunza joto hata baada ya kuzimwa. Mpishi alisogeza kiganja juu ya sahani, akakirudisha haraka. Chuma kilikuwa vilevile kama mwanzo, cheusi, kimetulia.

"Hili silitaki," akasema. "Kitu cha moto kinachofanana na kitu baridi ni uongo."

Akalisikia neno lake mwenyewe. Niliona limemfikia. Aligeuka upande wa barabara kwa muda, halafu akamwambia muuzaji alete la pili.

La pili lilikuwa la koili, nyaya nene zilizojizungusha kama nyoka aliyelala. Muuzaji alipowasha, koili ilikaa kimya kidogo, ikaanza kushika rangi, ikawa nyekundu yote. Mpishi akainama, shavu sawa na sufuria, kama alivyokuwa akiinama kwenye gesi.

"Hili angalau linaona haya," akasema. "Hili tunalichukua."

Muuzaji akamwonya kwamba sufuria zake za hosteli lazima ziwe na kitako bapa, la sivyo zitayumba na moto utapotea bure. Mpishi akageuza sufuria yake na kumwonyesha kitako. Alikuwa ameshampelekea fundi bati wa Ifakara aziponde sufuria zote zikae sawa, juma moja kabla, bila kuambiwa na mtu.

Kwenye treni ya kurudi, tulipoanza kuuona mto na mabonde ya mpunga, aliniambia, "Nitamwambia Sista." Nilikuwa nimeshalisikia hilo.

Jiko lilifungwa, na Mpishi akaanza upya kama mwanafunzi. Gesi ukiizima imezimika. Koili ukiizima inaendelea kufikiri. Siku ya kwanza maziwa yalifurika akiwa ameshazima na kugeuka kukata mkate. Siku ya pili yakafurika tena. Siku ya tatu alijifunza kuinua sufuria yenyewe, siyo kuzungusha swichi peke yake. Aligundua kwamba dakika za mwisho za wali anaweza kuzima kabisa na kuuacha ujimalizie kwa joto la koili, na jambo hilo lilimfurahisha mpaka akaniita nije nishuhudie jiko lililozimwa likipika. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, tulihamia uani kwenye mkaa kama zamani, naye akanung'unika kama zamani.

Halafu ikaja siku ya wageni kutoka Chita, watu ishirini na zaidi, wakati wa chakula cha mchana. Mimi nilikuwa vyumbani natandika. Alikuwa na sufuria kubwa ya wali nyuma na samaki aina ya kitoga wa kukaanga mbele, na kelele ya mafuta ilimziba masikio. Wali ulishika. Ukaanza kuungua, ukaungua, na yeye alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale akigeuza samaki kwa uangalifu mkubwa. Moshi ulifika ukumbini kabla ya kufika machoni pake. Sista aliingia mbio, nami nikatokea nyuma yake.

"Mpishi! Husikii harufu hii?"

Aliinua kifuniko. Akatazama. Akazima koili zote mbili, akaondoa sufuria, akafuta mikono kwenye aproni yake nyeupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Sisikii, Sista," akasema. "Sijasikia harufu yoyote tangu nilipoanguka na baiskeli. Nimekuficha jambo hili. Nilikaribia kuwachoma watu kwa gesi, binti huyu akanizuia. Umeme niliuchagua kwa sababu hiyo, siyo kwa zile nilizokuambia."

Sista aliitazama sufuria iliyoungua. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, Sista."

"Wageni wamelala humu siku zote hizo, na wewe ulijua."

Alituambia tupike wali mwingine, watu wanangoja, na kwamba atatuita.

Alituacha siku mbili. Mpishi alifanya kazi kimya, akazileta aproni zake siku isiyokuwa Jumatatu, zote tatu, akisema nizifue vizuri kwa ajili ya atakayekuja. Jioni ya siku ya pili Sista alituita ofisini. Hakutubembeleza. Alisema tumemkosea, na tumewakosea zaidi wasiojua kwamba tumewakosea. Jiko la zamani la gesi na mtungi wake, vilivyobaki uani, vitoke kiwanjani kesho. Mpishi abaki jikoni. Na mimi niache vyumba, niingie jikoni kuwa pua yake.

Nililia usiku huo, maana niliona nimeshushwa. Vyumba vilikuwa vyangu, na funguo zake zilikuwa zangu. Mpishi alipeleka habari nyumbani kwake mwenyewe, na mke wake ndiye aliyenisimulia baadaye. Alipomaliza kueleza, mama yule alimuuliza, "Kwa hiyo ule mchicha ulioungua, ukasema mtamu?" Akajibu ndiyo. "Afadhali," akasema mke wake. "Nilidhani umeanza kunidanganya."

Nilikaa naye jikoni miaka mitatu. Alinifundisha kila kitu alichokuwa nacho, na kwa kuwa hakuweza kunusa, ilimbidi akiseme, na kwa kukisema mimi nikakijua kuliko wapishi wengi wanaonusa na kunyamaza. Tuligombana. Mara moja nikiwa na mafua tulipitisha mchuzi uliochacha hadi mezani, sote wawili hatuna pua, na alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alipostaafu, jikoni nilibaki mimi, na nipo jikoni hadi sasa ninapoandika haya.

Alihamia shambani Kisawasawa na mke wake. Nilimwona mara ya mwisho miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilipokwenda kumwonyesha mtoto wangu wa kwanza, binti wa miezi miwili. Nilimkuta ameketi kibarazani, amekonda zaidi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndiye?"

"Ndiye."

Alinyoosha mikono ile mikubwa, nikamwekea mtoto. Akafanya kama wafanyavyo wazee wote wakipewa mtoto mchanga: akamwinua taratibu, akazika pua yake shingoni kwa mtoto, akavuta pumzi. Mke wake aliyekuwa anatwanga aliacha mchi. Mimi nilifungua mdomo nimwambie, kwa sababu ilikuwa kazi yangu miaka mitatu kumwambia: ananukia maziwa, Mzee, na mafuta ya nazi, na kitu kingine ambacho hakina jina. Akanikataza kwa kutikisa kichwa, bila kuutoa uso wake pale ulipokuwa.

"Ana joto zuri," akasema.

Na hakunirudishia mtoto hadi nilipoaga.